Wesley na Hita ya Ukutani

Weka dau lako hapa, maana hakuna mtu kwao Nandi Hills ataamini: Wesley, jamaa aliyekuwa akioga maji baridi kwa umande na kujigamba, alizunguka mtaa wa Al Sadd wote akitafuta hita. Doha! Mahali hata kivuli kinatoa jasho.

Lakini ilikuwa Januari, na chumba chao pale mtaa wa Fereej Bin Mahmoud kilikuwa friji. Chumba gani sasa, nusu chumba. Mwenye nyumba alikata sebule kwa ukuta mwepesi wa bao za jipsamu ambao haukufika dari. Upande huu Wesley, mkewe Jerusha na mtoto wao Kibet. Upande ule Onyango, askari wa geti kutoka Tororo, Uganda. AC ni moja, iko kwa Onyango, na hewa yake inaruka juu ya ukuta. Dirisha hakuna, kwa hivyo ukiizima mnakosa pumzi. Hita yao ya zamani, ile ya mbavu mbavu, ilikuwa imevuja mafuta ikafa. Na Kibet alikuwa anakohoa.

"Baba Kibet, mtoto akilala kwa baridi tena leo, kesho nampeleka nyumbani kwa mama. Nimesema."

"Na huko nani atamkumbatia kama mimi?"

"Blanketi."

Wesley, dereva wa basi la hoteli, ndiye huchekesha madereva wenzake wote, lakini hiyo haikumchekesha. Miaka yote aliyofanya kazi huku peke yake, ukiacha likizo, alikuwa akimwona mke kwa simu tu. Ndiyo kwanza mke na mtoto wamefika, ati warudi?

Dukani, hita zilikuwa nyuma ya feni, zimejaa vumbi. Wesley akagonga kila moja kama mtu anayenunua mbuzi. Ya mbavu ingemaliza nafasi ya kitanda cha mtoto. Ya kupuliza ingemkausha koo. Akachagua moja bapa, nyeupe, ya kufunga ukutani.

"Weka chini, sadiq, rafiki," Muhindi wa duka akamwambia. "Juu mafi zein, si nzuri."

"Mimi nafungua injini ya basi, wewe unanifundisha sanduku?"

Nyumbani, ukuta wa simenti ulimkatalia skrubu. Jipsamu ikakubali kama keki. Akaifunga juu kabisa, karibu na lile pengo la dari, Kibet akianza kutambaa asiifikie. Akarudi nyuma, mikono kiunoni. "Mama Kibet, njoo uone fundi."

Jerusha alikuja na sweta mbili mwilini. Jioni akaongeza ya tatu. Wesley akapandisha moto wa hita, akapapasa miguu ya mtoto, akatoka mlangoni, akarudi, akapandisha tena. AC ikaanza kuunguruma kama lori linalopanda mlima. Kibet akakohoa. Jerusha akachukua simu ampigie mama.

"Ngoja kidogo!"

"Nimengoja. Wacha nichemshe maji yake kwanza."

Soketi ni moja, akachomoa hita, akachomeka birika. Maji hayajachemka, AC ikanyamaza. Jerusha akatazama juu. Birika lilipojizima akarudisha hita. Haikukawia, ngurumo ikaanza upya.

"Baba Kibet. Joto yako yote inaruka juu ya ukuta kwa Onyango. AC inadhani ni Agosti, inatupulizia baridi zaidi."

Sauti ikatoka ng'ambo ya ukuta. "Ssebo, bwana, ni wewe? Mimi huku nimevaa koti na soksi za kazi! Nimeita hadi jina la Yesu kwa hii mashine!"

Wesley alifungua zile skrubu. Miguu ya hita ilikuwa bado kwa boksi. Akaisimamisha chini, upande wa mbali na pengo, pia mbali na kitanda cha mtoto. AC ikatulia. Akakaa sakafuni akiilinda kama sufuria ya maziwa, mpaka Kibet akarusha blanketi kwa miguu na kulala, vidole vina joto.

Jerusha akaweka simu chini ya mto.

"Fundi," akasema.

Onyango akacheka ng'ambo. Wesley akakuna kichwa.

"Yule Muhindi aliniambia chini. Nikaweka juu. Nilikosea."