Mkasi wa Mama Nyota na Mbwa Aliyeitwa Kaporali

Mkasi unaokata kitambaa kizito hutoa kwanza mkwaruzo, kama mtu anayeburuta miguu kwenye kokoto, kisha mlio mfupi pale makali mawili yanapokutana. Katika kiangazi ninachokikumbuka, barazani kwa Mama Nyota, katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka, Malawi, mlio ule ulimaanisha kichwa cha usipa. Yaani, ulimaanisha hivyo kwa mbwa. Sisi watoto tulipewa vichwa hivyo vya samaki tumrushie, nasi tulivitazama kwa macho ambayo mbwa aliyaelewa vizuri sana. Mikono ya Mama Nyota ilinuka mafuta ya cherehani, samaki mkavu na vumbi jekundu, na hadi leo nikiisikia harufu moja kati ya hizo, mbili zilizobaki hujileta zenyewe.

Tulikuwa tumefika mwaka uliotangulia, tukikimbia vita Uvira, Kongo. Nilikuwa mtoto asiyelia. Mama alikuwa akiwaambia wageni kwamba mimi ni mtulivu, nao walimpongeza, na mimi nilipokea pongezi hizo kama mtu anayepokea barua ya jirani iliyoletwa kwake kimakosa. Jirani yetu halisi alikuwa Bahati, msichana aliyenizidi umri kidogo na kelele kwa mbali, ambaye alikuwa ameamua kwamba mbwa mmoja wa rangi ya udongo, asiye na mwenyewe, ni wake. Alimwita Kaporali kwa sababu masikio yake yalisimama wima kama ya mtu anayengoja amri, ingawa hakuna aliyewahi kumwona akitii hata moja.

Kisha kipaza sauti kikapita kati ya nyumba zetu. Mtoto wa upande wa pili wa kambi alikuwa ameumwa na mbwa, na ilisemekana ni kichaa cha mbwa. Daktari wa mifugo angekuja kuchanja kabla ya mwezi kwisha. Kila mbwa aletwe na kamba shingoni. Atakayeonekana akizurura baadaye bila alama ya chanjo atapigwa risasi. Taabu ni kwamba Kaporali hakuiogopa risasi, maana hakuijua. Aliogopa kamba. Ukiishika alikuonyesha meno, na ukimsogelea nayo aliyatumia. Bahati alimwendea na kamba mkono mmoja na fimbo mkono wa pili, kama tulivyowaona wakubwa wakifanya, na akarudi na gauni lililochanika, moja kwa moja kwa Mama Nyota likashonwe.

Mama Nyota alikuwa fundi cherehani, na baba yake, huko kwao Fizi, aliwinda na mbwa waliovishwa kengele za mbao. Alilitazama lile gauni bila huruma yoyote.

“Bahati, we ukiona mutu anakuya na kamba na fimbo, utamukimbilia umukumbate?”

“Mi si imbwa, Mama.”

“Njo maana nakuuliza we. Ye hawezi kunijibu.”

Alituambia kwamba baba yake hakumpiga mbwa hata siku moja, si kwa upole, maana watoto wake aliwapiga, bali kwa sababu mbwa aliyepigwa humwona mnyama kichakani na kunyamaza. Basi tukaanza kumfunza Kaporali bila fimbo. Kila mkasi ulipolia, usipa ukaruka. Baada ya muda Kaporali akawa anakuja na kuketi mbele ya cherehani, akiutazama mkasi kama waumini wanavyomtazama mchungaji anayekaribia kumaliza mahubiri. Ndipo Mama Nyota akatuuliza: sasa kamba tufanyeje? Hakutupa jibu. Tulibishana mchana kutwa. Mwishowe Bahati akailaza kamba chini, mbali, na kuweka usipa kandokando yake. Kesho yake akaisogeza. Mbwa alipokubali kula akiwa ameikanyaga, ilibaki mtu wa kumvisha.

Nilichaguliwa mimi, kwa sababu sikuonekana kuogopa. Kusema kweli, sikuonekana kuwa na chochote. Nilichuchumaa, mikono imetulia, uso nimeugeuza kando, nikijiona fundi kabisa. Kaporali akarudi nyuma. Nikajaribu tena, akarudi tena.

“We uko kama mulango umefungwa,” Mama Nyota akasema, bila kuinua macho kwenye mshono. “Imbwa haijui kama kuko mutu ndani. Pumua, papa, mutoto wangu. Muonyeshe sura.”

Sikujua sura inaonyeshwaje. Nilimtazama mbwa. Nikaona ngozi ya bega lake ikitetemeka peke yake, kama yangu ilivyokuwa ikitetemeka lori likipita, tangu Uvira. Nikapumua. Mkasi ukalia, na kamba ikapita kichwani pake.

Siku ya chanjo meza ya daktari iliwekwa sokoni, hatua chache kutoka safu ya mafundi wa kushona. Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa ameliwaza hilo. Mikasi ililia kila upande. Kaporali akanivuta kutoka kwenye foleni, akaketi mbele ya fundi wa kwanza. Mkasi wa jirani ukalia, akamhamia huyo, akaketi. Kisha wa tatu. Mimi nilifuata nyuma ya kamba. Watu walicheka mpaka wakashikana. “Huyu mukubwa anataka kupimwa suruali!” fundi mmoja akapiga kelele. Daktari, Mmalawi aliyechoka, alisema hangoji. Alikuwa ameanza kufunga sanduku lake. Bahati akamkimbilia, akamwambia kwa Kichewa chetu cha sokoni: “Bwana, mbwa wote wa foleni yako wamesimama. Wetu ndiye aliyeketi. Njoo wewe.”

Daktari alitazama. Kisha akaja na sindano yake. Bahati akamwomba fundi asiache kukata, nami nikawa nalisha, na Kaporali akachanjwa katikati ya mlio mmoja na mwingine bila kugeuza kichwa. Mama Nyota alimshonea ukosi wa kitambaa chekundu siku ile ile, uwe alama ya chanjo.

Wiki iliyofuata tulisikia bunduki upande wa mashambani. Kaporali alilala chini ya cherehani, ukosi umemkaa upande. Bahati alilia kwa ajili ya mbwa asiowajua. Mimi nilikaa nikingoja kitu kije. Hakikuja, lakini mkono wangu, bila kuniuliza, ulikuwa begani pa mbwa, na ulitulia pale mpaka ngozi yake nayo ikatulia.

Baadaye familia ya Bahati ilihamishiwa ng’ambo, na mbwa akazeekea barazani kwa Mama Nyota. Leo naishi Area 18, mtaa wa Lilongwe, ndani ya ukuta. Nina shahada, nina mbwa mkali ambaye muuzaji alinichagulia, na nina vitabu vinavyoeleza, kwa maneno marefu, jambo ambalo mkasi ulilieleza kwa mlio mmoja. Binti yangu anavisoma na kumfunza mbwa kuketi. Ananiambia mimi sifai kusaidia, eti mbwa haelewi ninataka nini.

Juzi nilipeleka suruali kwa fundi wa mtaa wa Biwi ipanuliwe kiuno, kazi ninayozidi kuihitaji. Fundi akachukua mkasi. Mkwaruzo, kisha mlio. Nikajikuta nimeinua uso, nautazama mkasi.

“Mzee, kuna shida?” akauliza.

Nikamwambia hakuna, aendelee tu. Akaendelea. Nikabaki pale, uso wazi, napumua, mpaka kitambaa kikaisha.