Wiki Niliyoufungia Ufagio

Niliwahi kupiga marufuku ufagio nyumbani kwa mama mkwe wangu, na mpaka leo sijutii.

Mwanangu alikuwa na miaka miwili. Daktari alimpima damu akakuta ina madini ya risasi. Si mengi ya kumlaza hospitali, lakini alinambia wazi kwamba yanaharibu ubongo wa mtoto, na tusipojua yanatoka wapi ataendelea kuyala. Akaniuliza kama nyumba ina rangi ya zamani, maana rangi hizo zilitiwa risasi na zikichakaa huwa vumbi. Tunakaa Ruwi, ng'ambo ya bahari kutoka Unguja, kwenye nyumba aliyoijenga marehemu baba mkwe, na madirisha yake ya mbao yamepakwa rangi juu ya rangi tangu sijaolewa.

Nikamwita mpimaji wa vumbi. Akanipa sharti moja: wiki nzima kabla hajaja, tusifagie wala tusipanguse. Nikawaambia wote nyumbani, kwa Kiswahili na kwa Kiarabu, nikaendelea na kazi yangu Qurum.

Siku yenyewe narudi mchana, nyumba inanukia sabuni na udi. Mama mkwe kaamka alfajiri, kasugua sakafu, kapangusa madirisha yote, kaandaa kahawa na halwa. Mgeni anakuja kupiga magoti sakafuni kwake, akute vumbi? Mpimaji alipitisha vitambaa vyake vya majimaji, akavitia vichupani, akanywa kahawa, akaenda zake. Majibu yakaja: hakuna kitu.

"Si nlikwambieni," mama mkwe akasema. "Nyumba yangu nnaijua mie."

Nilikasirika. Damu ya mwanangu ilikuwa vile vile.

Basi nikachukua mafagio, matambara na ndoo, nikavifungia kwenye buti la gari. Mtoto nikampeleka kwa mama yangu, anayekaa Al Amerat. Mume wangu akanisihi nimstahi mama yake, mtu mzima yule. Nikamwambia namstahi sana, lakini ufagio hapati.

Siku ya nne wakaja shangazi wawili wa mume wangu bila taarifa. Mmoja akapitisha kidole mezani, wakatazamana. Mama mkwe alitamani ardhi immeze. Mimi nikawamiminia kahawa nikawaambia nyumba chafu, nimetaka mwenyewe, karibuni mkae. Kabla ya magharibi habari zangu zilikuwa zimeshafika Unguja kwa simu. Na zifike.

Mpimaji akarudi. Safari hii risasi ilionekana, tena nyingi, kwenye ubao wa chini wa dirisha la mbele. Mume wangu alipousoma ule mstari kwenye karatasi ya majibu, mama mkwe akakaa kitako. Dirishani hapo ndipo alipokuwa akimsimamisha mjukuu wake kila jioni, wakilingojea gari langu, mtoto kashika ubao kwa viganja vyote viwili, kisha vidole mdomoni.

"Mie ndiye nliyekuwa namsimamisha," akasema.

Maneno nilikuwa nayo, ya wiki nzima, makali. Yakanishinda. Lakini sikumwambia "si kitu" pia, maana kilikuwa kitu. Nilimpa simu tu, nikamwambia ampigie fundi wa madirisha yeye mwenyewe, aje sisi wote tukiwa Al Amerat, mbali na vumbi.

Akapiga. Nilimsikia fundi akibisha kwamba mbao zile bado nzima, mbao za marehemu, zipigwe rangi mpya tu zitatosha.

"Ng'oa," mama mkwe akasema. "Ng'oa yote."