Mtori Uliopoa

Juzi nilimpelekea binti yangu mtori wa ndizi na nyama hospitali, amejifungua. Jirani na wodi wanabomoa jengo la ghorofa bila wavu, bila tone la maji. Nilipita chini ya nyundo zao na hotipoti yangu, na hakuna aliyeniuliza naenda wapi.

Nikamkumbuka mtu niliyemchukia kuliko wote utotoni.

Mama alikuwa amemzaa mdogo wangu, katika hospitali hiyo hiyo. Mimi na shangazi tulikuja na mtori wa moto, tukakuta njia ya wodini imefungwa kwa kamba. Mafundi walikuwa wanabomoa jengo refu kuanzia juu, huku wengine wakilimwagia maji, na zege lililolowa lilinuka kama udongo baada ya mvua. Nilidhani wanaliosha kama maiti kabla ya kulizika.

Msimamizi alitupigia filimbi. “Zungukeni kule nyuma.”

“Mzazi ana njaa,” shangazi akamwambia. “Wewe huna mama?”

“Ninaye. Na yeye angezunguka.”

Shangazi alimtukana kwa Kimeru njia nzima. Mtori ulifika umepoa, mafuta yameganda juu. Usiku ule niliomba Mungu amwangushie yule mtu jengo lake.

Juzi mtori wangu ulifika wa moto kabisa. Binti yangu alifunua hotipoti, ukuta ukatikisika, na kabla hajachota kijiko cha kwanza vumbi la saruji lilikuwa limetanda juu yake.

Nilitoka nje kutafuta wa kumtukana. Hakukuwa na mtu mwenye filimbi.