Mama Rejeta na Oili Iliyokataa Kupata Moto

Jumatatu ya tarehe 3 Februari 1997, mwanamke ambaye leo mtaa mzima unamwita Mama Rejeta alifungua milango ya karakana yake kwa mara ya kwanza, na kazi iliyomfungulia njia ilikuwa lori la maziwa lililochemsha. Tangu siku hiyo hajawahi kutengeneza breki, giaboksi wala taa. Anatengeneza rejeta tu. Ukimletea kitu kingine atakuelekeza kwa jirani, kwa upole, huku macho yake yakiwa tayari yamerudi kwenye kazi aliyokuwa nayo.

Karakana yake ni chumba kimoja kirefu. Upande wa kushoto kuna duka la matairi. Kulia yuko mume wake, fundi wa viti vya magari, na ukuta unaowatenganisha haufiki kwenye paa, hivyo wawili hao huzungumza mchana kutwa bila kuonana. Katikati ya chumba kuna beseni kubwa la bati lililojaa maji. Mama Rejeta huziba midomo yote ya rejeta isipokuwa mmoja, hujaza upepo, kisha huizamisha humo na kuinama. Palipotoboka hutoa mapovu. Huweka alama kwa chaki, hukausha, huchomelea, na kuizamisha tena mpaka maji yatulie.

Anajulikana pia kwa jambo lingine. Gari linalochemsha likifika kwake, kitu cha kwanza kung'olewa ni themostati, kile kidude cha shaba kinachofunga njia ya maji mpaka injini ipate moto. Ana debe zima la themostati za watu. Kwake kidude hicho ni askari wa getini aliyelala na funguo mfukoni: siku gari linapoungua, yeye ndiye aliyefunga. Mafundi wengi wa mitaa hii wanafanya hivyohivyo, na magari yao yanatembea, kwa hiyo hakuna aliyewahi kumbishia.

Binti yake wa pekee ni mpimaji wa ardhi siku za kazi. Siku za mapumziko hushiriki mashindano ya kupanda mlima kwa gari, gari moja moja, saa ikihesabu. Gari lake ni la spoti, jeupe, la viti viwili, la chini kiasi kwamba ukitaka kuzungumza na dereva lazima uchuchumae. Baba yake ndiye aliyeshona viti. Injini ilijengwa na baba mdogo, yaani shemeji yake Mama Rejeta, fundi wa injini asiyependa kuharakishwa.

Msimu uliopita injini hiyo ilinoki, ikagonga na kufa. Ilikuwa siku ya jua kali, gari limepanda mara kadhaa bila kupumzika, oili ikapata moto mpaka ikawa nyepesi kama maji, na beringi za krenki, ule mhimili unaozunguka ndani ya injini, zikalika. Shemeji aliitengeneza upya, lakini alitoka na habari mbaya. Krenki ilikuwa imechongwa kwa mara ya mwisho inayowezekana. Ikilika tena ni chuma chakavu, na nyingine ya aina hiyo walikuwa wameitafuta mpaka wakakata tamaa.

"Ikinoki tena, hili gari mtalipandia maua," alisema.

Ikaamuliwa lifungwe rejeta ya oili, inayotoa oili kwenye injini, kuipitisha mbele kwenye upepo na kuirudisha ikiwa imepoa. Binti alimwendea mama yake. Hakuwa na haja ya kubembeleza.

"Mwanangu, miaka yote hii nilikuwa nangoja mtu aniulize," alisema Mama Rejeta.

Kwenye duka la vipuri vya mitumba walikuta mbili zilizofaa kufikiriwa. Moja ilikuwa ndogo, yenye mistari michache, ya gari la ukubwa kama lao. Nyingine ilikuwa ya lori, pana kama sinia la harusini. Shemeji alishika ndogo.

"Hii. Na themostati yake, ili oili isipite huku nje mpaka ipate moto."

"Themostati?" Mama Rejeta alimtazama kana kwamba amemtukania wazazi. "Shemeji, mimi nataka oili ipite, wewe unataka iombe ruhusa?"

"Oili siyo maji, shemeji."

"Moto ni moto."

"Na sinia hilo utaliweka wapi? Juu ya paa?"

"Nitaliweka pale litakapopata upepo. Wewe kaa na spana zako."

Muuza vipuri, ambaye alikuwa anamjua mteja wake, alianza kuifunga ile kubwa kwenye gazeti kabla hajaulizwa.

Kazi yenyewe aliifanya kwa uangalifu ambao hata shemeji hakuupatia kasoro. Rejeta ya mitumba huenda imetoka kwenye injini iliyokufa, na ndani yake kukabaki vumbi la chuma litakaloiua nyingine, kwa hiyo aliiosha kwa petroli, akaipuliza, akaiosha tena upande wa pili, mpaka kitambaa cheupe kilipotoka cheupe. Alikata kadibodi ya umbo la rejeta na kuijaribu nyuma ya bampa kabla ya kutoboa tundu lolote. Kwenye vyuma vya kuishikilia alitanguliza mipira ili mtikisiko usiichane. Midomo aliielekeza juu, hewa isije ikanaswa ndani. Paipu alizipitisha mbali na bomba la moshi na kuzifunga zisisuguane na kitu.

"Unanyonyesha au unafunga rejeta?" mume wake aliuliza kutoka upande wa pili wa ukuta.

"Shona viti, mzee. Huku ni kwa watu wazima."

Kabla ya kuwasha, walitoa plagi na kuzungusha injini kwa stata mpaka sindano ya presha ya oili ikainuka. Ndipo wakawasha. Hakuna palipovuja, hata tone. Mama Rejeta alipitisha kidole kwenye kila kiungio na kukitazama kilivyo kikavu.

Asubuhi ya majaribio, mlimani kulikuwa na baridi ya kutia mikono kwapani. Kulikuwa na majaribio ya siku hiyo tu kabla ya mashindano ya Jumapili. Binti alipanda mara ya kwanza, na Mama Rejeta akasimama chini akisikiliza mlio ukizunguka kona. Gari liliporudi, aliingiza kichwa dirishani kutazama geji. Sindano ya joto la oili ilikuwa haijasogea.

"Umeona?" alimwita shemeji. "Halijatoka hata jasho!"

Shemeji alikuwa anatazama geji ya pili, ya presha. Sindano yake ilikuwa imelala kabisa upande wa juu, mwisho wa namba.

"Mama," binti alisema bila kuvua kofia, "gari ni zito. Kama mtu anakimbia kwenye matope. Naogopa kulikanyaga."

"Limezoea moto. Panda tena."

Alipanda tena. Safari hii mlio ulikatika katikati ya mlima, na wote wawili wakakimbia kwa miguu. Walimkuta binti amesimama pembeni ya barabara, injini ameizima, na chini ya gari kuna mstari wa oili. Presha ilikuwa imesukuma gasketi ya filta ikatoka mahali pake. Binti alikuwa ameona sindano ikianza kuanguka na akazima papo hapo. Angechelewa kidogo tu, krenki ingekuwa chuma chakavu kweli.

Shemeji alichuchumaa, akaanza kukagua filta. Mama Rejeta alikwenda mbele ya gari na kufanya kile anachofanya kwa kila gari: aliweka kiganja juu ya rejeta, kisha chini. Juu baridi. Chini baridi, kama mtungi wa maji. Maisha yake yote mkono huo ulikuwa ukitafuta baridi na kufurahi ukiipata. Leo aliuacha pale kwa muda, uso ukibadilika.

"Ni nzito," alisema hatimaye. "Oili imebaki nzito kama asali. Pampu inaisukuma, haitaki kupita, inatafuta pa kutokea."

"Ndiyo," alisema shemeji. Hakuongeza neno, na Mama Rejeta alimshukuru kimoyomoyo kwa hilo.

Lakini hakuridhika na kuamini tu. Walipobadilisha gasketi na kuongeza oili, alichukua kadibodi, akaziba uso wote wa rejeta na kuufunga kwa waya.

"Panda taratibu. Usikanyage mpaka sindano isogee."

Binti alipanda taratibu, akashuka, akapanda tena. Mara hii walisikia kutoka chini: mlio ulikuwa mwepesi, unakimbia. Aliporudi alikuwa anacheka ndani ya kofia.

"Limeamka, Mama!"

Mama Rejeta alifungua waya na kukunja kadibodi. Rejeta ya lori ilitengenezwa kupoza injini ya lori, na injini hii ndogo, kwa safari fupi ya kupanda mlima, haikuwa na joto la kuilisha. Hilo lilikuwa wazi. La pili lilimchukua muda zaidi kulitamka.

"Shemeji."

"Naam, shemeji."

"Yule askari wako wa getini. Anapatikana wapi?"

Shemeji alijifuta mikono taratibu, kama mtu aliyeletewa chakula kizuri. "Rudia, nilikuwa nashughulika na filta."

"Hutalisikia mara ya pili mpaka unizike."

Muuza vipuri alikubali kubadilisha kubwa kwa ndogo na kuwauzia themostati yake, akitabasamu zaidi ya ilivyolazimu. Mchana huohuo, kabla ya kuifunga themostati, Mama Rejeta aliitumbukiza kwenye sufuria ya oili juu ya jiko, na kipimajoto pembeni, akangoja. Oili ilipopata moto wa kutosha, kidude kilifunguka polepole. Alikiacha kipoe kikajifunga, akakipasha tena. Kilifunguka palepale.

"Huyu halali," alisema juu ya ukuta.

"Nani?" aliuliza mume wake.

"Shona viti."

Walirudi mlimani kabla jua halijashuka. Gari lilipanda mara tatu mfululizo bila kupumzika. Sindano ya joto ilipanda mpaka nyuzi tisini na tano na ikakaa hapo. Ya presha ilisimama katikati. Kila liliposhuka, Mama Rejeta aliweka kiganja juu ya rejeta, kisha chini: juu moto, chini vuguvugu.

Jumapili binti yake ataanza wa kumi na saba, saa tatu na nusu asubuhi. Injini itawashwa saa tatu kamili ili oili ipate moto, na atakayeiwasha ni Mama Rejeta.