Nilinyamaza Kwenye Mchezo, Sasa Nimeposwa Kweli

Mhariri, naomba jina langu libaki kwako. Nina miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari mwaka huu, naishi kwa baba mdogo kwenye kilima kimoja cha Kanama, huku Gisenyi, Rwanda. Baba yangu alifariki tukiwa bado wakimbizi Karagwe, Tanzania. Baba mdogo ndiye aliyenilea na kunisomesha kwa viazi na maharage yake. Mimi ni mtu wa haya sana, haya mambo sijaweza kumwambia mtu uso kwa uso, ndiyo maana nawaandikia ninyi nisiowajua.

Tangu usalama urudi kwetu, vijana wachache tumeanzisha kikundi cha maigizo. Hatulipwi. Tunafanya mazoezi nyuma ya ghala la viazi, na Jumapili watu wakitoka kusali tunaigiza hapo hapo. Mimi ndiye kiongozi, ingawa siigizi. Natunga, nawapangia wenzangu, kisha nakaa nyuma ya shuka kumnong'onezea anayesahau.

Mchezo wetu wa mwisho ulihusu posa. Msichana amemaliza shule, anataka kufundisha, baba yake anataka kumwoza. Mbele ya wageni baba anamuuliza kama anakubali, akijua atainamisha kichwa tu, kwa sababu kwetu msichana akinyamaza amekubali. Lakini msichana wangu anainua uso na kusema, "Hapana, baba." Mchezo mzima niliutunga kwa ajili ya neno hilo.

Siku yenyewe Vestine, bibi harusi wetu, hakuja. Mama yake alimzuia. Alisema msichana akiolewa kwa mchezo hataolewa kweli. Naye aliyeigiza baba alikuwa amevuka mpaka kwenda Goma, hajarudi. Watu walishakaa. Wenzangu wakanigeukia: "Wewe unajua maneno yote." Wakanivika mshanana, vazi letu la sherehe. Baba mdogo, aliyekuja kutazama tu, akaombwa akae kiti cha baba.

Sikujua kama ana kipaji kile. Mshenga alipoomba msichana, alijibu, "Mmechelewa. Huyo tumempa mtu wa Rubona, kule ziwani, anatuletea samaki." Watu wakacheka. "Na ng'ombe wenu yuko wapi?" Hapo baba yake Faustin, kijana aliyeigiza bwana harusi, akasimama katikati ya watazamaji. "Yuko kwangu, ana mimba, njoo umwone." Watu wakacheka zaidi. Kibuyu chetu cha pombe ya posa kilikuwa na maji tu. Mama Faustin, anayefanya biashara Goma, akaja akakiondoa, akaweka cha kwake chenye urwagwa, pombe yetu ya ndizi. "Bon, mutu anakunywa maji ku posa?" alisema. "Muko nachekesha watu."

Baba mdogo akanigeukia. "Mwanangu, wageni hawa unawajua? Tunywe pombe yao?"

Neno lilikuwa mdomoni. Nikaona macho yote yale. Nikainamisha kichwa. Nyuma ya shuka hakukuwa na mtu wa kuninong'onezea. Watu wakapiga makofi, na baba mdogo na baba Faustin wakanywa kibuyu kimoja kwa mirija, ishara ya kukubaliana.

Nilidhani nimeharibu mchezo tu. Kesho yake asubuhi baba Faustin alifika na mshenga wa kweli, kuuliza ng'ombe aletwe lini. Walipoondoka nilimwambia baba mdogo, "Baba, ule ulikuwa mchezo."

"Maji yangekuwa mchezo," alijibu, bila hasira. "Nilikuuliza mbele ya watu, ukanyamaza. Nimeshakunywa pombe ya mtu. Nikamtapikie?"

Nikaenda kwa Faustin. Si kijana mbaya. "Mi naweza kusema nini?" aliniambia. "Baba ameshataja ng'ombe mbele ya kilima kizima." Kisha akaangalia chini. "Na wewe uliponyamaza, nilifikiri labda unanipenda."

Na hapo pia sikusema kitu.

Simpendi. Nimeahidiwa nafasi ya kufundisha shule ya msingi, na kikundi hiki ndicho kitu cha kwanza nilichowahi kukianzisha mwenyewe. Mama Faustin tukikutana njiani ananipokea mzigo: "Mukwe yangu iko na haya, ni muzuri." Wenzangu wanasema nikikataa, wazee watasema tunachezea mila, na ghala hatutalipata tena.

Mwezi ujao tumealikwa kilima cha pili kuigiza mchezo ule ule. Vestine hatarudi. Baba mdogo ameshaniambia atakaa kiti chake tena, na amelifua shati lake jeupe. Familia ya Faustin nayo inakuja. Ataniuliza tena, mbele ya watu.

Nikitamka neno langu, nitamwaibisha mtu aliyeniokota nikiwa sina baba. Nikinyamaza tena, sidhani kama kuna atakayeniuliza mara ya tatu. Ndugu wasomaji, dada zangu mliowahi kuulizwa mkakosa sauti, nielekezeni. Nifanye nini?