Naingia mtoni na homa ili wasinipeleke kambini

Mwenye ukurasa, nifichie jina, hata kijiji usikitaje, sema Rumonge tu, huku kando ya ziwa. Anayeniandikia haya ni mwalimu wa chuo cha Kurani, naye ameapa kunitunzia siri.

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na minane, nauza ndagala, hawa dagaa wa ziwani, nina binti mmoja wa miaka saba. Mume wangu alikuwa mpiga kasia. Mwaka jana daktari wa Kidachi, hawa Wajerumani wanaotutawala, alimkuta na malale, ule ugonjwa wa usingizi, askari wakampeleka kwa mtumbwi kambini wanakowekwa wagonjwa. Aliondoka akiniambia nimwanikie nyavu zake. Hajarudi, wala hakuna aliyeniletea salamu zake. Nyavu nilishazianua.

Tangu hapo kila mwezi msaidizi wa daktari anakuja kutupanga foleni ufukweni na kutupapasa shingo. Mimi homa ilinianza baada ya Ramadhani, inakuja na kuondoka. Shangazi ninayekaa naye akaniambia, "Wakikuta mwili iko moto, watakubeba. Siku ya kupimwa ingia mu mto asubuhi mapema, ukae humo mpaka meno igongane."

Nikamtii. Mto wetu unashuka kutoka milimani, maji yake hayana huruma. Mara nne nimeingia, mara nne nimepita. Majirani wananitania eti naoga kama bibi harusi. Lakini nimechoka, jamani. Kila nikitoka majini homa inarudi na nguvu zaidi, kifua kinabana, nalala siku mbili nisiweze hata kugeuza ndagala juani.

Mwezi uliopita yule msaidizi alinishika shingo, akainama akasema taratibu, "Dada, kila siku ya kupima nywele yako iko maji. Mimi sitafute moto. Natafuta vivimbe vya shingo, na maji haiondoe vivimbe." Vidole vyake vilikaa nyuma ya shingo yangu muda mrefu. Kisha akasema, "Pita." Sikumuuliza alichokigusa. Niliogopa jibu.

Sasa kila nikijipapasa nakuta kitu kama punje ya hindi. Labda kilikuwapo siku zote. Wanasema huko kambini kuna sindano, wengine wanapona, wengine wanapofuka. Shangazi ananijibu neno moja tu, "Mume wako alienda. Ulimuona tena?"

Ningeendelea kunyamaza. Lakini jana alfajiri niliamka nikakuta mkeka wa binti yangu mtupu. Nilimkuta mtoni, maji yamemfika shingoni, midomo imebadilika rangi. Na hakuwa anaumwa popote.

"Mama, kesho kutwa watapima," akaniambia. "Nilikuwa najifunza."

Nilimtoa nikamfunika kanga yangu, nikalia mbele yake. Tangu jana jioni mwili wake unachemka. Sijui ni yale maji au ni malale.

Kesho wanapima. Nikijitokeza tutakwenda sote wawili, labda tupate sindano, labda tumfuate baba yake. Nikinyamaza, alfajiri ataamka aniulize kama tunakwenda mtoni, na aliyemfundisha ni mimi. Nishaurini ndugu zangu, nimjibu nini?