Mtungi wa Mama Mkwe

Pyo Geum-sil anatoa tofali la mwisho mlangoni mwa tanuri, anainama na kuingia. Anatoka amekumbatia mtungi mweusi unaomfika kiunoni, bado una joto. Anautua uani, na wote tuliopo tunasogea karibu.

"Usiuguse," anamwambia mumewe. "Mpishe mama kwanza."

Mama ni mkwewe, Bibi Heo Mal-lim, mwenye miaka themanini na sita. Kwa miaka kumi na tisa amekataa kutia soya yake ya kuchachushwa katika mtungi wowote wa Geum-sil. Mtungi wake wa zamani ulipasuka kwa baridi mwezi uliopita, na keshokutwa ni Siku ya Farasi katika kalenda ya jadi, siku ya kutia soya mitungini.

Geum-sil alikuwa karani wa benki mjini Gwangju. Alikuja hapa Gangjin kununua mtungi mmoja tu, akamkuta mfinyanzi kazini.

"Udongo ulikuwa unapanda mikononi mwake hivi, nikakosa mabasi mawili," anasema. "Wiki iliyofuata nikaacha kazi. Mama yangu mzazi akasema nimerogwa."

Mwaka wa kwanza hakupata hata robo ya mshahara wa benki. "Nilikuwa nakanda udongo huku nalia. Lakini hakuna siku niliyotamani iishe."

Leo oda zimejaa mpaka mwakani, na nyumba anayoishi ameijenga kwa mikono hiyohiyo. Nimemtazama miaka mingi na bado nasisimka.

Bibi Heo anawasha majani makavu ya mpunga, anaagiza mtungi upinduliwe juu yake, mdomo chini. Ukiwa na ufa, moshi utapenya. Geum-sil amekamata aproni yake kwa mikono miwili.

Moshi haupenyi.

"Hiki ni chombo," anasema bibi.

"Miaka kumi na tisa, mama, ndiyo unasema leo?"

Bibi anatia mkono mfukoni. Anatoa kamba ya majani iliyosukwa na pilipili nyekundu na vipande vya mkaa, ile inayofungwa kwenye mtungi wenye soya mpya. Mtungi unasimamishwa, anauvisha shingoni. Inaenea sawasawa.

"Umeisuka lini?"

"Mtungi ulipokuwa bado mbichi, niliupima shingo. Nikapunguza vidole viwili, maana udongo wako hunywea motoni. Ulidhani sikuangalii?"

Geum-sil anajifuta macho kwa mkono wenye majivu. Mwakani, anasema, atafinyanga mkubwa kuliko huu. Kamba atasuka mama.